Ghorofa ya Tatu

Benchi letu la kahawa liko kwenye kona ya duka la vioo, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia barabara hadi majengo yakaonekana yanaelea, hayana miguu. Fundi Saa, ambaye miguu yake haijapata nguvu tangu kuzaliwa, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, barua mapajani: kesho saa nne, usaili wa kazi ya kutengeneza mita za maji, ghorofa ya tatu. Lifti ya jengo hilo imekufa tangu mwaka juzi. Na saa siku hizi nani anatengenezesha? Watu wote wanachungulia simu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa akili hapa kijiweni hakuna wa kunisogelea, kwa hiyo nikafungua kikao.

— Nakubeba mgongoni, kaka. Ghorofa tatu kwangu ni kama kuvua ndala.

— Hunibebi, akasema Fundi Saa. Nikiingia nimening'inia kama gunia, nani ataniuliza habari za mita?

— Sheria ipo, akadakia Wakili, ambaye alifagia mahakama miaka kumi na tangu hapo hashikiki. Kumbagua mtu kwa ulemavu wake ni kosa. Kifungu kikisomwa mlangoni kwa sauti nzito, ngazi zenyewe zinalala chini.

— Zinalala? akauliza Fundi Saa.

— Zinajinyoosha kama mkeka. Nimeona kwa macho yangu.

— Uliona umesinzia juu ya ufagio, nikamwambia.

Winchi, mpakua mizigo, akafumba macho.

— Mimi namvuta kwa kamba na kapi. Anapaa taratibu na kiti chake. Dirisha la kwanza, anasalimia. La pili, anasalimia.

— La tatu wananiajiri, au wanafunga pazia?

Tukacheka, lakini hata mimi nilimwona anapaa ndani ya ukungu, tai yake inapepea shingoni. Nikaongeza kwamba jengo likisomewa sheria vizuri hupiga magoti kama ngamia. Hakuna aliyebisha.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama akipuliza kikombe chake, akauliza:

— Samahani, kaka zangu. Hao waliomwita, wao hawawezi kushuka?

Wakili akatazama kahawa yake. Winchi akafumbua macho.

Fundi Saa akanipa barua, akatoa simu.

— Nisomee namba iliyo hapo chini, mdogo wangu, nibonyeze. Polepole.

Nikasoma. Ikaita kwa muda mrefu, sote tumeinama kuelekea kwenye simu ile.

— Habari za asubuhi, akasema. Ni yule fundi mliyemwita kwa usaili kesho. Nitakuwa mlangoni, chini, saa nne kasoro dakika tano. Nani atashuka?