Goti la Mama Abigael Nyanchera Mose, 1957–2025

Abigael Nyanchera alizaliwa Birongo tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa mzee Nyangate na mama Kwamboka. Yeye mwenyewe alisema alizaliwa msimu wa palizi, ndiyo maana kazi haikumwacha.

Alisoma hapo Birongo hadi darasa la saba, mwaka 1972. Karo ya sekondari ikaenda kwa kaka zake. Hakunung'unika, ila kila mjukuu aliyeleta ripoti, Mama aliisoma yote, mpaka maneno ya mwalimu chini.

Mwaka 1977 aliolewa na Job Mose wa Kebirigo, wakabatizwa siku moja katika kanisa la Waadventista. Kwa miaka karibu arobaini alichuma chai kwenye mteremko huu mnaouona, kikapu mgongoni, kupanda na kushuka. Job alitangulia mwaka 2011. Mama akaendelea kuchuma.

Mwaka 2016 goti la kulia likaanza kuuma. Watu walimwambia limeisha mafuta, akae tu. Akakaa, na kadiri alivyokaa ndivyo lilivyokakamaa, hadi kwenda choo kukawa safari. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa cha kanisani. Kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini hupiga magoti na kutawadhana miguu. Yeye alioshwa, hakuweza kuosha. "Nimekuwa mgeni wa kunawishwa tu," alisema. "Nikipiga goti mara moja tena, nitashukuru."

Mei 2023 Lavender, mke wa mwanawe Jasper, alimpeleka Kisii kwa Kemuma, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kemuma hakumdanganya: goti halitarudi la usichana, ila misuli ya paja ikipata nguvu itasaidia kubeba mzigo. Mkongojo wake akauhamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, upande wa goti zima. Akaamuru kunyoosha mguu mara kumi, mfuko wa maharagwe umefungwa kifundoni, kuinuka kitini bila kushika, na kitambaa cha maji moto. Kila siku.

Lavender ndiye aliyehesabu, mtoto mgongoni, chai ikimngoja shambani. Kumi zile zilikuwa ndefu.

"Wewe Lavender, saba umesema mara mbili!"

"Mama, ya kwanza hukunyoosha."

"Wewe na Kemuma hamjazeeka, mtajuaje?"

Wiki ya tatu goti likavimba. Kemuma alipouliza, Mama akaeleza kwamba mazoezi ni kazi, na Sabato hafanyi kazi, kwa hiyo Ijumaa alifanya ya siku mbili kabla jua halijatua.

"Mama, Sabato unaendaje kanisani?"

"Kwa miguu."

"Basi hayo ndiyo mazoezi yako ya Sabato. Ijumaa fanya ya Ijumaa."

Yalichosha. Kuna asubuhi Mama na Lavender walikaa wakatazamana, hakuna aliyetaka kuanza. Kisha Lavender alisema, "Moja."

Sabato ya tarehe 29 Machi 2025, kanisani kabla ya Meza ya Bwana, Mama alimpa binti yake Esnah mkongojo, akashika benchi, akashuka polepole juu ya leso iliyokunjwa, mbele ya Lavender.

"Leta miguu."

Ilikuwa imepasuka visigino kwa shamba. Mama akaiosha bila haraka, akaipangusa katikati ya vidole, kisha akauliza, "Sasa nani ataniinua?" Watu wakacheka. Lakini hakungoja mtu. Alitanguliza mguu wa kushoto, ule mzima, kama Kemuma alivyomfundisha, akasimama.

Mvua za Mei zilimletea nimonia. Alilazwa Nyamira siku tisa. Jumanne jioni mguu ukasogea chini ya blanketi. "Hesabu," alimwambia Lavender. Walifika sita. "Imetosha," akasema. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025.

Ameacha watoto watatu, Jasper, Esnah na Nyamongo, mkwe wake Lavender, wajukuu saba, na kiti chake cha mazoezi ambacho bado hakuna anayekikalia.

Imetosha, Mama. Upumzike kwa amani.