Fundi Eliufoo na Sauti ya Pili ya Mama Rogathe

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mzee Eliufoo Mrindoko anakabidhi funguo za chumba cha mitambo cha Redio Msindo, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Anastaafu akiwa na afya njema, nywele zote kichwani, na lile koti la kijivu ambalo tumelisema mpaka tumechoka. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Saada wa mapokezi, niandike wasifu huu kwa sababu, walisema, sina aibu. Nimeshukuru na nimepokea.

Mzee Eliufoo ni mtoto wa Mbaga. Kabla ya kuja kwetu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio jirani na stendi ya Same. Kituo kilipoanza, mitambo ilifika kabla hajapatikana mtu wa kuielewa, ndipo akaitwa aje kuiangalia kwa siku moja. Siku hiyo moja ndiyo inaisha leo.

Wengi wetu tumefundishwa kazi naye. Alitaka mtangazaji aongee kama anayezungumza na mtu aliyekaa naye jikoni, na aliyepiga kelele alipunguzwa sauti bila kuombwa radhi. Wachungaji wamepunguzwa, madiwani wamepunguzwa, na mkurugenzi wetu naye amepunguzwa siku ya Mei Mosi. Radi ilipoupiga mtambo kule mlimani, alipanda kwa miguu kwenye ukungu, akarudi kesho yake redio ikiwa hewani na yeye akiwa na fungu la tangawizi begani, kana kwamba alikuwa ameenda gulioni. Tulipohama kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta, ni yeye aliyehakikisha kwaya za wazee wetu hazibaki nyuma kwenye maboksi.

Sharti lake kubwa lilikuwa moja: nyaya zake haziguswi. Ukisogeza mkono tu, utaambiwa uache, bado haijapoa. Hata waya wa maiki, ambao tangu dunia iumbwe haujawahi kupata moto, kwake ulikuwa bado haujapoa. Tulimcheka, lakini mikono tuliiweka mifukoni.

Sasa nitasema la nyumbani kwake. Nimemwomba ruhusa, akaguna, na mguno wa Mzee Eliufoo ni ndiyo.

Mkewe, Mama Rogathe, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri kule Mbaga tangu usichana wake, na Mzee akisimama nyuma yake kwenye besi. Ndoa yao ilianzia hapo, na kila mtu Mbaga anajua. Mwaka juzi mama alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ulirudi kiasi, lakini maneno hayakurudi. Hospitalini wakamshauri Mzee ampigie nyimbo anazozipenda, kwa kuwa kuna wagonjwa ambao wimbo huwatoka hata pale neno linapogoma.

Mzee hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nyumbani ana amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa ambazo maboksi yake aliyachonga mwenyewe. Dude la kaseti lilishakufa, kwa hiyo akaziweka zile nyimbo za kwaya kwenye simu, akachomeka waya kwenye tundu la earphone, akampigia. Mama akasikiliza kidogo, akageuzia uso ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akainua mkono kuonyesha azime. Mzee akaamini kwamba ugonjwa umechukua na wimbo pia. Akaifunika amplifaya kwa kitambaa cha kufuma, akaendelea kuja kazini kama kawaida, akitutengenezea sauti zetu. Jamani, tulikaa naye meza moja ya chai miezi yote hiyo na hatukujua.

Tulijua Februari mwaka huu, tulipokwenda kumjulia hali mama. Mzee, kwa kutaka kuwakarimu wageni, akafunua kitambaa akapiga wimbo mmoja. Agape, mtayarishaji wetu wa vipindi, ndiye aliyeuhamisha wimbo ule kutoka kwenye kaseti, kwa hiyo anaufahamu vizuri. Akauliza kwa adabu zote sauti ya pili imekwenda wapi. Mzee akamshangaa. Akasema mbona ipo, na akaifuatisha kwa kidole, mstari kwa mstari, mahali inapopanda na mahali inaposhuka.

Haikuwepo. Agape alikagua akakuta tundu la ile simu limelegea, na plagi isipokaa sawasawa, sauti zilizorekodiwa katikati hufutika, zikabaki za pembeni tu. Sauti ya kwanza walisimama kushoto, wanaume kulia, na katikati kabisa, mbele ya maiki, alisimama Mama Rogathe na wenzake. Mzee Eliufoo alikuwa ameiimba besi yake nyuma ya mke wake miaka mingi kiasi kwamba kichwa chake kilimjazia pengo. Alikuwa anaisikia kwa moyo. Mama naye alikuwa anasikiliza kwaya yake mwenyewe na kukuta yeye hayumo. Mimi ningegeukia ukuta pia.

Tukarudi ofisini. Kinyozi hajinyoi, tunajua, lakini huyu alikuwa ametunyoa sisi wote na kujisahau. Agape akasema dawa ipo: kisanduku kidogo kama kile cha studio, kinachochomekwa kwenye tundu la chaji la simu, kikapokea wimbo ukiwa bado namba tupu, na kuugeuza chenyewe kuwa sauti safi kabla ya kuupeleka kwenye amplifaya. Tukakubaliana iwe ndiyo zawadi ya kumuaga, na asisubirishwe hadi Juni.

Aminieli, dereva wetu, akakataa katakata. Kwetu mstaafu anasindikizwa na godoro, mabati na mbuzi juu ya pikapu, honi zikipigwa, majirani watoke waone. Akasema hawezi kumpelekea mzee mzima zawadi inayoingia mfuko wa shati, watu watadhani amefukuzwa. Mjadala ulikuwa mkali hadi chai ikapoa. Mwisho ikaamuliwa kisanduku kitangulie bila honi, na pikapu ifuate siku ya sherehe. Ipo hapo nje, mbuzi mmeshamsikia.

Jumamosi moja tukaenda kwake kwa msaragambo, kama watu wanaokwenda kuzibua mfereji wa kijiji, kila mtu na kazi yake. Wengine walipika makande, Aminieli alisogeza spika, Agape akafunga nyaya. Mzee aliambiwa akae kwenye kiti. Alikaa, mikono katikati ya magoti, na Agape alipoishika amplifaya akamwambia bado haijapoa. Kisha akamwacha aiguse. Nadhani siku hiyo ndiyo alistaafu, na hii ya leo ni karatasi tu.

Wimbo ukaanza. Mama Rogathe aligeukia ukuta kama kawaida yake. Ubeti wa kwanza ulipofika katikati, sauti ya pili ikaingia, na yeye akageuka polepole akaitazama spika. Midomo ikaanza kwenda. Halafu tukamsikia. Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, na neno moja moja lilipotea njiani, lakini ilikuwa sauti ya pili, mahali pake hasa. Mzee Eliufoo, aliyetusimanga maisha yetu yote kwa kuchelewa nusu sekunde, alichelewa kuingia mstari mzima, maana alikuwa analia. Sisi wengine pia tulikuwa hatufai kitu.

Maneno ya kawaida bado hayajarudi, na huenda yasirudi. Lakini mama anaimba kila siku saa kumi alasiri. Anamwonyesha mumewe kiti, na mumewe asipokuwepo anaanza bila yeye. Kwa miezi hii ya mwisho tulikuwa tunamwona Mzee akiitazama saa ya ukutani kuanzia saa tisa.

Kwa sababu hiyo wasemaji wote walioko kwenye ratiba, mheshimiwa mgeni rasmi akiwemo, wanaombwa kwa heshima kubwa kufupisha hotuba. Atakayerefusha, Agape atampunguza sauti.

Asante, mzee wetu, kwa masikio uliyotupa. Tunakupenda, na tunakuombea wewe na mama maisha mema na marefu. Funguo ziache mezani. Nenda, saa kumi inakaribia, na mwenzio hatakusubiri.