Gebhard Uhlenbrock, Meya wa Mwisho wa Niederwarden (1931–2009)

Ndugu, majirani, na nyote mliovuka daraja asubuhi hii kuja kumsindikiza mzee wetu, poleni.

Marehemu Gebhard Uhlenbrock alizaliwa tarehe 11 Machi 1931 hapa Niederwarden, kando ya mto Weser. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mwoka mikate Kuno Uhlenbrock na mkewe Hedwig. Mdogo wake, Alwin, alimfuata baada ya miaka miwili.

Alisoma shule ya mji huu hadi Aprili 1945, wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma walipolipua daraja na shule ikafungwa. Februari iliyofuata mto ulifurika. Hedwig alishuka ghala la chini kuokoa unga, maji yakamkuta humo. Gebhard, kijana wa miaka kumi na minne, ndiye aliyeutoa mwili wake. Jambo hilo hakupenda kulizungumza.

Mwaka huohuo alianza kujifunza uashi, akashiriki kulijenga upya daraja. Alikuwa na mazoea ya kugonga kila ukuta kwa kidole asikie kama ni mzima. Siku ya harusi yake, tarehe 7 Mei 1955, kasisi akisubiri jibu, bwana harusi alikuwa akigonga nguzo ya kanisa. Roswitha akamnong'oneza, "We Gebhard, unanioa mimi au nguzo?" Kanisa zima likasikia. Walijaliwa binti mmoja, Gesine.

Alichaguliwa diwani mwaka 1961 na meya mwaka 1968. Wakati huo serikali ya jimbo ilikuwa ikiunganisha miji midogo. Niederwarden ikaambiwa: mkikubali kuwa sehemu ya Hallbruch, ng'ambo ya mto, mtajengewa ukuta wa kuzuia mafuriko, mkikataa, jitegemeeni. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1972, madiwani saba walisema ndiyo, saba wakasema hapana. Ikabaki kura ya meya.

Alwin, mkuu wa kikosi cha zimamoto, alisimama kwenye viti vya wananchi.

"Kaka, usithubutu! Mama amezikwa Niederwarden. Unataka alale Hallbruch?"

"Mama aliuawa na maji, Alwin. Jina la mji halikumwokoa."

Akanyoosha mkono: ndiyo.

"Basi kuanzia leo mimi sina kaka."

Na ikawa hivyo. Tarehe 2 Januari 1973 Gebhard alivuka daraja akiupeleka muhuri wa mji Hallbruch, na kila alipopita watu walifunga mapazia. Kwenye sikukuu ya mji bendi, iliyopiga nyumba kwa nyumba, iliruka mlango wake. Detlef, mtoto wa Alwin, aliamriwa kuvuka barabara kila amwonapo baba yake mkubwa. Roswitha alipomsihi wahame, alimjibu, "Nihame vipi, mke wangu? Ukuta haujaisha." Alirudi kwenye uashi, akaujenga na wenzake hadi ulipokamilika mwaka 1978.

Roswitha alifariki mwaka 1989. Alwin alifariki tarehe 3 Juni 1993, bila kupatana. Mjane wake, Lieselore, alituma neno kwamba Gebhard asiingie makaburini. Alisimama nje ya geti, kofia mkononi, hadi watu wote walipoondoka.

Januari 1995 mto ulipanda siku tatu, ukabakiza shubiri moja kuvuka ukuta. Hakuna nyumba iliyolowa. Watu walipanga mstari kumshika mkono. Yeye alisema tu, "Alwin hakuyaona haya," akaenda zake nyumbani.

Tangu mwaka 2004 alisumbuliwa na mapafu, kwa vumbi la mawe alilovuta miaka mingi. Gesine alimuuguza. Wiki yake ya mwisho aliomba kumwona Detlef.

"Nisamehe, baba mkubwa. Nilikuwa nakukimbia."

"Ulikuwa mtoto, ulimtii baba yako. Lakini nilikuona, bwana. Ulikuwa ukigeuka kunitazama."

Alifariki Jumatano, tarehe 4 Novemba 2009, akiwa na umri wa miaka 78.

Ameacha binti yake Gesine, wajukuu wawili, Imke na Volkmar, na Detlef, anayewasomea maneno haya. Marehemu aliomba azikwe kando ya mdogo wake. Juzi Mama Lieselore alikuja mwenyewe kwa Gesine, hakukaa hata kwenye kiti. Alisema, "Mlazeni hapo. Wamenuniana vya kutosha."

Mungu awapumzishe wote wawili kwa amani.