Zinoviy Karpyuk, Fundi Aliyekilalia Kigari Chake

Ndugu, majirani, nanyi mliokuja na sare zenu, mimi ni Lyubomyr, mkwe wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno mengi penye shughuli, nitajitahidi nisimkasirishe.

Baba yetu Zinoviy Karpyuk alizaliwa tarehe 9 Februari 1957 katika kijiji hiki cha Remchytsi, karibu na mji wa Sarny, akiwa mtoto wa tatu wa Hnat na Paraska, akasoma hapa hapa kijijini kuanzia 1964 hadi 1974, akatumikia jeshi miaka miwili, kisha akaingia chuo cha ufundi mjini Rivne na kuhitimu Juni 1980 akiwa fundi wa matrekta, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na saba, na hakuna trekta la wilaya hii ambalo hakuwahi kulitukana.

Tarehe 17 Oktoba 1982 alifunga ndoa na Mama Stefania, ambaye anasema alimkubali siku alipomwona kwa mara ya kwanza akiwa amenawa mikono, na tarehe 3 Juni 1988 Mungu akawajalia binti mmoja, Myroslava, ambaye ndiye mke wangu.

Vita vilipotukuta, Myroslava, aliyekuwa nesi, alikwenda kuhudumia majeruhi mstari wa mbele, na Juni 2023 akampigia baba yake simu, akamweleza kwamba kila majeruhi hubebwa kwa machela na watu wanne, yeye akiwa mmojawapo, kilomita mbili na nusu, huku ndege zisizo na rubani zikiwawinda wote watano, na kwamba wiki ile walikuwa wamezika wabebaji wawili. Baba alikwenda karakanani kwake nyuma ya nyumba, na baada ya siku tisa, tarehe 28 Juni, kikatoka kigari cha chini chenye magurudumu manne na mota za baiskeli za umeme, kinachoongozwa kwa mbali, ili mwanawe asitembee tena njia ile.

Tulikijaribu kwa magunia mawili ya viazi, maana sisi wa hapa kila kitu tunakipima kwa viazi, kikalizunguka shamba lililolimwa bila kuangusha hata kimoja, tukakipeleka kwa mbwembwe, na siku ya nne kikarudi, kimeshammwaga askari mtaroni, ikabidi wenzake wakambebe kama zamani, pamoja na barua ya Myroslava iliyosema, "Baba, viazi havina mbavu. Lala juu yake wewe mwenyewe."

Aliona aibu, sitawaficha. Lakini siku hiyo hiyo aliandika kwa chaki mlangoni kwamba kigari hakitoki hapa kabla fundi hajakilalia, na kwa umri wake wa miaka sitini na sita alikuwa akifungwa mikanda, mimi namwendesha juu ya matuta na mitaro, yeye anataja panapouma, mimi naandika, na Mama Stefania akipita na ndoo yake anamwambia, "Ukivunjika kiuno usiniite, mimi si fundi." Askari wakituma malalamiko asubuhi, jioni tumeshakata chuma cha kigari kipya, kesho yake amelala tena, tukainua kingo, tukapanua magurudumu, springi peke yake tulizibadili mara sita.

Kigari cha kumi na saba tulikijaribu tarehe 11 Oktoba, na katikati ya shamba Baba akanyamaza, nikakisimamisha, nikamkimbilia roho mkononi, nikamkuta anakoroma. Akafumbua macho akasema, "Pelekeni hiki."

Tarehe 4 Desemba mke wangu alijeruhiwa paja, na kigari cha aina ile kikamtoa bila mbebaji hata mmoja, kwa dakika thelathini na nane, naye leo amesimama hapa kwa fimbo yake. Ujumbe wake wa kwanza kutoka hospitalini ulikuwa, "Baba, mbavu ziko salama," na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona mzee huyu akilia.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaugua kwa utulivu kuliko tulivyotarajia, na tarehe 22 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki kitandani mwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani ambao mashamba yao tuliyavuruga kwa majaribio wala hawakutushtaki, mafundi wenzake, na askari walioandika kila kasoro bila kumwonea haya.

Kama alivyoagiza, leo tumemleta juu ya kigari cha kumi na saba, ambacho askari wamekirudisha kwa ajili yake, si kwa barabara ya lami bali kwa kukatiza shamba lililolimwa, na tulipofika katikati, kwa mazoea, nilisimama na daftari langu nikasubiri aseme panapouma. Pumzika, Baba, sikuandika kitu.