Toleo la Mwisho la Jarida la Jaji Moshi

Verna, zima hiyo televisheni, nawe Duane acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Vuteni viti mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo nataka kuitumia kwa jambo moja tu. Nyumba mtagawana wenyewe. Mimi nazungumzia jarida.

Hakuna mtu Ohio nzima, na Pennsylvania nawaongezea, aliyemjua Jaji Moshi, yule shujaa wa hadithi za kubuni, kunishinda mimi. Nilisoma hadithi zake zote mia na nne, zile za karatasi duni zinazomeguka ukizigusa, na shule niliiacha darasa la nane kwa ajili yake. Miaka kumi na tisa nimechapa jarida la wapenzi wa hadithi zake kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, hadi mama yenu, Mungu amrehemu, akalalamika kwamba nikimkumbatia nanuka wino. Desturi yetu ilikuwa hii: ukituma barua, naichapa, na toleo linalofuata unalipata bure.

Aliyeandika kuliko wote ni Eunice Stahl, mkutubi wa Altoona, ambaye sijapata kumwona kwa macho. "Wewe Delbert," aliniandikia, "unajisifu kama jogoo aliyetaga." Nilicheka siku tatu.

Basi mama yenu alipotutoka, nikatangaza nimegundua hadithi ya Jaji iliyopotea. Uongo mtupu! Niliitunga mwenyewe pale jikoni, nikaichapa jaridani. Wote wakaimeza, isipokuwa Eunice. "Ukurasa wa tisa," aliandika, "Jaji anamvulia kofia mwanamke wa maktaba. Jaji havui kofia, Delbert, hata kanisani. Hii ni kazi yako wewe. Huyo mwanamke ni nani?"

Najua, Duane, simu ilikuwepo. Ningesema nini? Nilikuwa nimeuanika moyo wangu mbele ya wasomaji mia mbili, na aliyeniona ni yeye peke yake. Kwa aibu nikaichomoa kadi yake kwenye sanduku la anwani, nisichape barua zake tena wala kumtumia jarida. Naye akaendelea kuandika miaka sita, barua ishirini na saba, bila kupata jarida hata moja. Ya mwisho ilifika Aprili: "Bado nasubiri jibu la ukurasa wa tisa."

Barua zimo kabatini, nyuma ya makoti. Chapeni toleo moja zaidi, zote ziingie, msibadilishe hata nukta. Ukurasa wa kwanza semeni hadithi ile niliitunga mimi, na mwanamke yule ni Eunice. Watanitukana, waacheni. Verna, zungusha polepole, mashine inakwama ukiiharakisha... Nakala ya kwanza ni yake. Duane, mpelekee mkononi.

Nisogezeeni mto. Hivyo.

Mungu ampe kila mmoja wenu mtu atakayemkamata kwenye uongo wake, na bado... bado amwandikie.

Eunice akifungua mlango, Duane, usianze na habari za kifo. Mwambie kwanza... toleo limechelewa. Mhariri anaomba radhi.