Maji Hayaulizi Mpaka wa Shamba

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Pampu usisimame mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa, sauti ya baba yenu haifiki huko tena. Nisikilizeni, maana leo sisemi ili nibembelezwe.

Nyumba hii ni ya dada yenu. Shamba la juu, la mahindi, ni lako Pampu, wewe ambaye nusura uingie harusini kwako na bomba la dawa mgongoni. Bustani ya bondeni, pamoja na kisima chake, ni ya mziwanda wangu. Nagawa hivi nikijua kwamba ninyi wawili hamsemezani tangu maharage yalipokauka, na habari ile nataka niisimulie mwenyewe kabla majirani hawajaitia chumvi.

Pampu alinyunyiza dawa ya magugu kwenye mahindi machanga, mvua kubwa ikashuka juu yake, na haukupita muda maharage ya bondeni yakageuka manjano pembezoni mwa majani, yakanyauka kama yamebabuliwa. Mziwanda akapanda kilima akihema: “Kaka, umenimaliza!” Na Pampu akamjibu, “Sijakanyaga kwako mimi. Mahindi yangu si haya? Mbona hayakufa?” Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini mimi jembe lilinishinda, nilikaa kizingitini nikalia.

Ndipo dada yenu, anayepima maji mjini, akaja na chupa zake, akachota kwenye mfereji unaoteremka bondeni, akachota kisimani, na majibu yalipotoka akatuketisha jikoni. “Kila mmoja wenu anasema kweli,” akasema. Mahindi huivunjavunja dawa ile yenyewe, maharage hayawezi. Ikitulia kwenye udongo wa juu, wenye joto na mboji, vijidudu huila kidogo kidogo, miezi ikipita inapungua. Lakini udongo hauikamati sana, kwa hiyo mvua ikiwahi huibeba, nyingine ikafuata mfereji, nyingine ikazama hadi maji ya chini, na huko kwenye giza na ubaridi, ambako vijidudu ni haba, inaweza kukaa miaka. Hata ikivunjika, vipande vyake navyo husafiri. Pampu akauliza polepole, “Na kisimani imo?” Dada yenu akasema, “Imo.” Na watoto wa mziwanda walikuwa wakinywa maji yale.

Sasa niwaambie mnachodhani sikukiona. Tangu asubuhi iliyofuata, Pampu amekuwa akiteka maji kwenye bomba la barabarani, anayatua mlangoni kwa mdogo wake, kisha anakimbia kama mwizi wa kuku. Na wewe mziwanda, unayejifanya hujui ndoo zile ni za nani, mbona zinarudi kwake zikiwa zimejaa nyanya? Mnapendana kwa kujificha, wanangu, na mimi dirishani nacheka mpaka mbavu zinauma. Acheni. Damu nzito kuliko maji, semezaneni.

Nipeni maji kidogo... Ahsante, binti yangu.

Pampu, kati ya shamba lako na bustani acha ukanda mpana wa nyasi, usilime, nyasi zipunguze mwendo wa maji. Mawingu yakikusanyika, bomba la dawa likae ndani. Usilioshee karibu na mfereji, wala kisimani. Magugu mengine yang'oeni kwa mkono, mkiwa pamoja, mtapata na mahali pa kusengenyana. Mziwanda, kisima usikifukie, wala usikichukie, ila mtoto asinywe humo mpaka dada yako apime, apime tena, aseme sasa kunyweni. Akisema bado, ni bado. Msimbishie.

Nimechoka... Sogeeni. Pampu, mshike mdogo wako mkono... si huo, huo ni wangu... haya, basi, uacheni hapohapo. Mungu awape mvua za taratibu, wanangu. Ziwanyeshee... polepole... na ziwakute mnaongea.