Aliyengoja Kupokewa Zamu: Wasifu wa Marehemu Dada Yetu, Sista Nakuja

Ndugu, jamaa na majirani, mlioketi na mliosimama, sogeeni kidogo. Waliosoma kunizidi katika ukoo huu wamesema sauti zao hazitaweza, basi nimeandika mimi, kaka yake mkubwa. Nikizunguka mnivumilie, nitafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika chumba cha pili cha nyumba ya baba, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa nne na kitinda mimba. Mama alikuwa akisema huyu alilia mara moja tu akatulia, kama aliyeona kwamba chumbani mna wenye shida kumzidi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu hadi 1979, akaenda sekondari ya wasichana, kisha chuo cha uuguzi, alikohitimu mwaka 1987. Lakini uuguzi aliuanza zamani. Siku moja baba alimkuta amemfunga mbuzi wa jirani mguu kwa kipande cha pazia letu. Baba akauliza, "Anaumwa nini huyu?" Akajibu, "Bado haumwi, baba. Najiandaa." Pazia lile halikurudi dirishani.

Januari 1988 alianza kazi wodi ya wanawake, katika hospitali ile ile aliyofia. Wodi ina vitanda arobaini, na zamu ina muuguzi mmoja. Huyu anataka maji, yule dripu imeisha, wa kule pembeni anatapika, na wote wanaita "Sista!" kwa pamoja. Yeye alijibu, "Nakuja, mama, nakuja." Ndipo wagonjwa wakambatiza Sista Nakuja. Kuna waliopona kwa kuambiwa hivyo tu, na kuna waliokufa kabla hajafika. Hao wa pili hakuwazungumzia, ila ukimwona anakula huku amesimama, ujue siku hiyo wamo moyoni mwake.

Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani. Walijuana pale shemeji alipokwenda hospitali na sindano ya cherehani kidoleni. Marehemu akamtazama akasema, "Wewe unashona nguo au unajishona?" Shemeji anasema sindano ilitoka siku hiyo, maneno hayajatoka mpaka leo. Walijaliwa binti wawili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2018 marehemu aligombea uenyekiti wa chama cha wauguzi. Hakuwa mtu wa majukwaa. Alitaka kitu kimoja tu: kila zamu iwe na wauguzi wawili, na chama kisimame mbele ya wakubwa kiseme hivyo bila kumung'unya maneno. Aliyeshindana naye alikuwa muuguzi pia, ila wa ofisini, mtu wa kiti cha kuzunguka na feni. Wauguzi wa wodini walikuwa na marehemu karibu wote. Chama chao hupiga kura kwa kunyoosha mikono ukumbini, na mgombea lazima asimame mwenyewe ajieleze. Asiyekuwepo, jina lake linafutwa.

Usiku wa kuamkia mkutano alikuwa zamu. Asubuhi nilikwenda kumchukua, nikakaa kwenye benchi la korido na mfuko wenye gauni la bluu aliloshonewa na mumewe kwa siku hiyo. Muda wa kupokewa ukafika, mpokeaji hakuna. Ukapita. Nikamwambia, "Mdogo wangu, twende, watakuja." Akasema, "Nimkabidhi nani, kaka? Wewe?"

Simu ikalia. Alikuwa rafiki yake wa wodi hiyo hiyo, yuko ukumbini, na sauti yake ilinifikia hadi kwenye benchi. "Tumekushikia kiti cha mbele. Uko wapi?"

"Wodini. Nani ananipokea?"

"Si wa zamu ya asubuhi?"

"Wa zamu ya asubuhi ni wewe."

 Yule rafiki akasema, "Matroni aliniambia atamweka mtu."

"Matroni yuko wapi?"

"Yuko hapa nyuma yangu. Naye amekuja kukupigia kura."

Ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Kila aliyempenda alikimbilia ukumbini kumchagua, na kila mmoja alidhani mwenzake amebaki kumpokea. Mgonjwa mmoja mama wa makamo akamwambia, "Nenda, mwanangu, sisi tutalala tu, hatuna pa kukimbilia." Marehemu akacheka, akamgeuza ubavu, akaendelea. Rafiki yake alipofika, jasho linamtoka, jina lilikuwa limeshafutwa. Yule bwana wa feni alisema jukwaani, "Anayechelewa mkutano, wagonjwa atawawahi?" Ukumbi ukacheka. Akapita bila kupingwa.

Tulirudi na gauni likiwa bado ndani ya mfuko. Njiani marehemu akasema, "Kaka, miaka minne si mingi. Nitarudi." Kumbe ilikuwa mingi.

Mwishoni mwa 2019 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu, akapata nafuu, akarudi kazini, akaanguka tena. Tulimlaza katika wodi yake mwenyewe, kitanda cha dirishani. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja, kama zamani. Mchana wa tarehe 22 Juni 2021 pumzi ilibadilika. Nikaita, "Sista!" Binti wa zamu, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kazi, akaitika kutoka kitanda cha mbali, "Nakuja, babu, nakuja." Alikuwa amemshika mama anayetoka damu, na mikono yake miwili haikutosha. Niliinuka ili nikamvute. Marehemu akanishika kanzu. "Mwache, kaka. Yuko peke yake." Hakusema neno lingine. Yule binti alipofika, alifika kumfunika.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, wajukuu watatu na mimi kaka yake, ambaye nilitarajia yeye ndiye atakayenizika. Gauni la bluu amelivaa leo kwa mara ya kwanza. Juzi shemeji alikaa kwenye cherehani akalipunguza kiunoni, maana mwenyewe alikuwa amekonda sana.

Mtaniuliza kama kuna kilichobadilika. Sijakiona. Yule binti aliyemfunika aliniahidi angekuja hapa kutupa udongo. Nimemtazamia tangu asubuhi. Amepiga simu sasa hivi, kabla sijasimama: yuko wodini, bado hajapokewa.

Mdogo wangu, umekabidhi. Lala, wasikuite tena.